Kompresa ya upepo ndani ya gari la porini: ipi ununue na uifungeje

Safari ya Kampala hadi Kidepo, hifadhi ya wanyama huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, inaanza kwenye lami, inaingia barabara ya vumbi, na ukitaka kufika chemchemi za moto za Kanangorok inakupitisha kwenye mchanga wa mto Kidepo wenyewe. Presha moja ya tairi haifai kote huko. Gari lenye mzigo kwenye lami linataka psi 35 hadi 40. Kwenye vumbi lenye matuta, psi 26 hadi 28 hupunguza mtikisiko na kuokoa matairi yasichanwe na mawe. Kwenye mchanga unashuka hadi 16 au 18, na mwendo unapunguza vilevile. Kushusha hakuhitaji kifaa chochote. Kurudisha ndiko kunakohitaji mashine, na madereva wengi hukataa kushusha kwa sababu hiyo tu, kisha wanachimba magurudumu kwa mikono chini ya jua la Karamoja.

Ukienda dukani, usianze na namba ya psi iliyoandikwa kwenye boksi. Karibu kila kompresa, hata ya bei ya chini kabisa, imeandikwa psi 150, na tairi lako halitapita 40. Uliza mambo mawili: inatoa lita ngapi kwa dakika ikisukuma dhidi ya psi 30 hivi, na inaweza kufanya kazi dakika ngapi kabla ya kulazimika kupoa.

Piga hesabu. Tairi la 265/75R16 lina nafasi ya hewa kama lita 75 hadi 80. Kulitoa psi 18 hadi 35 ukiwa Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kunameza karibu lita 100 za hewa ya pale. Matairi manne ni lita 400. Kabale, kwenye mita 2,000, hewa ni nyepesi zaidi, hivyo kazi ileile inataka karibu lita 460. Kompresa ya lita 50 kwa dakika itamaliza kwa dakika nane au tisa. Ya lita 20 itachukua dakika 20, kama haitazima kwa joto njiani.

Maandishi ya boksi yanaweza kudanganya, lakini ampea hazidanganyi. Kwenye presha ya tairi, kompresa nzuri ya volti 12 hutoa lita 2 hadi 2.5 za hewa kwa dakika kwa kila ampea moja. Ukiona boksi limeandikwa lita 150 na waya wake una fyuzi ya ampea 15, rudisha kwenye rafu. Fyuzi hiyo haiwezi kupitisha nguvu ya kuzalisha zaidi ya lita 35 hivi.

Chaguo la kwanza: silinda moja, imefungwa kwenye gari

Kwa Prado, Hilux, Surf, Pajero au Land Cruiser 70 yenye matairi ya kawaida, hii ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. ARB CKMA12 ni mfano mzuri: karibu lita 50 kwa dakika kwenye psi 29, fyuzi ya ampea 40, na swichi ya presha inayoizima yenyewe presha ikijaa kwenye mpira wa kupitishia hewa (si tairi). Viair 400C iko kwenye daraja hilohilo. Haihitaji kufunguliwa begi, haikai kwenye vumbi, na kama gari lina difu zinazofungwa kwa upepo ili magurudumu yazunguke pamoja, mashine hiyohiyo inazihudumia. Udhaifu wake ni mapumziko: nyingi za aina hii zimepangiwa kazi ya asilimia 50, yaani baada ya dakika 15 za kukimbia unaipa 15 za kupoa. Kwa matairi manne hutafika huko. Kwa msafara wa magari matatu utafika.

La pili: ya kubebeka, ya klipu za betri

Mwenye magari mawili, au anayekodi gari, asifunge chochote. Anunue ya kubebeka inayobana moja kwa moja kwenye betri kwa klipu. Viair 88P na 400P ni za kundi hili. Bei ni ndogo na fundi hahitajiki. Ila lazima ufungue boneti hata mvua ikinyesha, na watu huiweka chini kwenye mchanga ambako inavuta vumbi moja kwa moja hadi kwenye silinda. Iweke juu ya mkeka wa mpira wa sakafu ya gari. Washa injini kwanza, ndipo ubane klipu.

La tatu: silinda mbili

ARB CKMTA12 hutoa karibu lita 130 kwa dakika kwenye psi 29, na imejengwa kufanya kazi bila kupumzika. Matairi manne yanajaa kwa dakika tatu nne za kukimbia. Muda mwingi unauacha kwenye kutembea kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tumeiweka ya tatu kwa sababu bei ni karibu maradufu ya silinda moja, inataka fyuzi mbili za ampea 40 na waya mnene, na mwenye gari moja halipwi na tofauti ya dakika tano. Kampuni ya watalii yenye magari matano yanayotoka Ishasha kwenye tope jeusi, au mwenye matairi ya inchi 33 na kuendelea, aipandishe iwe ya kwanza bila kusita.

La nne: pampu ya AC iliyogeuzwa

Mafundi wa vyuma wa Katwe wanaweza kukutengenezea kishikio cha kufunga pampu ya zamani ya AC ikiendeshwa na mkanda wa injini. Upepo wake ni mwingi kuliko wa kompresa yoyote ya umeme hapa. Tatizo ni mafuta. Pampu za aina ya Sanden hulainishwa na mafuta yanayozunguka pamoja na gesi ya AC. Ukiondoa gesi, zinakauka na kukwama, isipokuwa umeweka njia nyingine ya kuzilisha mafuta. York za zamani zina sampu (bakuli) yake ya mafuta, hivyo zinavumilia. Zote hutema mafuta kwenye hewa, kwa hiyo kichujio cha kutenganisha mafuta na valvu ya usalama si vya hiari.

La mwisho: ya tundu la sigara

Tundu lile lina fyuzi ya ampea 10 au 15. Inafaa kwa tairi moja linalovuja polepole mjini. Usiitegemee porini.

Na tangi? Wauzaji hupenda kukuongezea tangi la lita 4 au 8. Tangi halitengenezi hewa, linahifadhi tu. Kwa kujaza matairi halikuharakishii chochote cha maana. Linunue kama una vifaa vya kupuliza au spana ya upepo. Ukiwa nalo, fungua kizibo cha chini mara kwa mara umwage maji, maana hewa ya kandokando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi na tangi huoza kutoka ndani.

Kuifunga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kompresa nzuri yenye waya mbaya hufanya kazi kama kompresa mbaya.

Kwanza pima volti za gari kwa mita. Baadhi ya magari ya zamani ya dizeli yaliyotoka Japani yana mfumo wa volti 24 wa betri mbili zilizofuatana. Usichukue volti 12 kutoka betri moja tu kati ya hizo: moja itachaji kupita kiasi, nyingine itakaa na njaa, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua kompresa ya volti 24, au kigeuzi cha 24 kwenda 12 kinachomudu ampea zinazotakiwa.

Mahali: chini ya boneti ni pazuri ikiwa kuna nafasi mbali na egzosi na turbo. Kama hakuna, chini ya kiti au kwenye sanduku la nyuma, mradi hewa izunguke. Tumia bamba la chuma la milimita 3 na bolti za M8 zenye nati za kujifunga. Nati za kawaida hulegea kwenye matuta ya Karamoja kabla ya safari kuisha. Mdomo wa kuvuta hewa uupandishe juu kwa mpira mdogo, pamoja na chujio lake, ili kuvuka maji kusiwe kumwagilia silinda.

Waya: kwa silinda moja na umbali wa mita 2 kutoka betri, shaba ya milimita mraba 6 inatosha. Kwa silinda mbili weka 16. Hasi nayo ipeleke hadi kwenye betri kwa unene uleule, usiishike kwenye bodi yenye kutu. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 au 30 kutoka betri. Ikikaa karibu na kompresa, waya ukisuguliwa katikati utawaka moto bila fyuzi kujua. Swichi ya dashibodi isibebe mzigo; iamrishe rilei tu, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo kwa niaba yake. Kwa namba za pini zake: 30 kutoka betri, 87 kwenda kompresa, 85 na 86 kwa swichi na hasi. Umeme wa swichi uutoe mahali panapozima ufunguo ukizimwa.

Unaponunua waya Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Inapasha joto na kuvunjika kwenye mtikisiko. Rilei za bei ya chini zilizoandikwa ampea 40 nazo huyeyuka ganda, kwa hiyo lipia iliyo nzuri.

Meno ya viunganishi yanasumbua wengi. Kompresa nyingi za Kimarekani zina meno ya NPT (kipimo cha Kimarekani), yaani 18 kwa inchi kwenye saizi ya robo inchi. Viunganishi vinavyopatikana kwa wingi madukani ni BSP (kipimo cha Kiingereza), meno 19. Vinaingia mizunguko miwili mitatu, vinakaza, mtu anadhani vimeingia, kisha vinavuja daima. Tumia gundi ya majimaji ya meno badala ya utepe mweupe, maana vipande vya utepe huingia kwenye valvu za difu na kuziziba. Sentimita 30 za kwanza kutoka kichwa cha kompresa ziwe mpira uliosukwa chuma, kwa kuwa hewa hutoka pale ya moto kiasi cha kulainisha plastiki.

Mpira wa kujazia uwe mita 7 au 8 kama kapla (kiungo cha kuchomekea mpira) iko mbele ya gari refu, wa raba ya kawaida. Ile ya plastiki iliyojikunja kama springi hukakamaa na kupasuka. Ncha ya kubana kwa mkono wa leva huokoa vidole kuliko ya kuzungusha. Geji nunua ya pekee, na usiamini iliyokuja na kompresa hadi umeilinganisha nayo.

Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo mfumo ukiwa umejaa. Kompresa ikiwaka na kuzima kila dakika chache bila mtu kutumia hewa, kuna kiungo kinavuja. Kisha jaza tairi injini ikiwa inaunguruma, na upime volti kwenye betri na kwenye kompresa kwa wakati mmoja. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo hakijakaza. Shika waya baada ya matairi manne: vuguvugu ni sawa, lakini ukilazimika kuondoa mkono, ubadilishe kabla hujatoka mjini.

Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni kila baada ya safari ya vumbi, likauke kabisa kabla ya kurudishwa, na beba la ziada pamoja na fyuzi mbili na rilei moja.