Uzoefu wangu: huduma ya kubeba mafuta ya vidanji, Lubumbashi

Huduma hii ya kubeba vidanji, yaani mafuta machafu yanayomwagwa kutoka kwenye injini, naitumia kwenye garaji ya Kampemba: mapipa 3 ya lita 200 ya kuazimwa, na gari la kuyachukua mara moja kwa mwezi. Kwa mafuta machafu naisifu bila kusita. Kwa betri na karatasi, bado.

Mapipa wanayoleta hayafunguki juu, yana vizibo 2 tu. Wengi hudhani kizibo kikikazwa mambo yamekwisha. Pipa likisimama wima nje, mvua hutuama juu yake ndani ya ukingo. Jua likilipasha, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Usiku linapoa na kuyavuta maji yale kupitia nyuzi za kizibo. Dereva huingiza bomba jembamba hadi chini, na akikuta maji hulikataa pipa. Ana haki. Weka paa. Kama huna, egemeza pipa kwenye kipande cha mbao liiname, mstari wa vizibo ukae mlalo, ili maji yakusanyike chini ya mstari huo bila kuvigusa vizibo. Usijaze hadi juu, acha vidole 3.

Beseni la saruji la chini ya mapipa ni juu yako, hawaleti. Mita 2 kwa 1, ukuta wa sentimita 20, hushika lita 400. Mapipa yakishakula nafasi yake hubaki karibu 240, yaani pipa zima likitoboka halimwagi kitu nje. Usiliwekee tundu la kutolea maji! Tundu hilo ndilo njia ya mafuta kwenda mtaroni, na mtaa huu una visima uani.

Kinachowakasirisha zaidi ni mchanganyiko. Petroli hufanya pipa zima liwake kwa urahisi. Maji ya rejeta na mafuta ya breki huyaharibu mafuta machafu yasifae kutumika tena. Kila kimoja kiwe na bidoni (dumu) yake, imeandikwa kwa rangi, na faneli yake. Filta itoboe ingali moto, igeuze, itone saa 12 kabla ya kuitupa kwenye pipa lake. Vumbi la mbao lililofyonza mafuta nalo ni taka ya hatari, lisiende jalalani.

Betri hawachukui, na hilo ni pengo kubwa. Wanunuzi wa vyuma wa mtaani humwaga asidi chini, nayo ina madini ya risasi. Zangu zinakaa wima ndani ya trei ya plastiki, asidi ndani, vichwa vimefunikwa.

Sasa karatasi. Sheria ya mazingira ya Kongo, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inakataza kutupa taka ovyo, na mkaguzi atakuuliza mafuta yalifika wapi. Bodero yao, yaani hati inayosafiri na mzigo, husainiwa wakati wa kupakia tu. Dai nakala yenye muhuri wa aliyepokea, ikiwa na tarehe na lita. Mwanzoni nilikuwa naifuata kwa simu wiki nyingi. Siku hizi nalipa nusu gari likiondoka, na nusu nakala ikirudi.