Gari la Kifahari kwa Pesa Zako Mwenyewe: Kabla ya Injini, Chungulia Uvunguni

Kijana mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, ameniandikia kwa hasira. "Dada, AC inagandisha, injini kavu haivuji hata tone la oili, gia zinaingia laini. Mbona fundi anasema nisiliendeshe?" Alikuwa amenunua sedani ya Kijerumani kwa akiba ya mikataba ya kazi kwenye meli za watalii. Hakuna mkopo wa benki, hakuna mzee aliyechangia. Gari lilipoinuliwa ili kubadilishwa bushi za nyuma, fundi aligusa chuma kwa bisibisi na bisibisi ikazama hadi mpini. Kutu ilikuwa imekula sabufremu, ile fremu ndogo inayoshika miguu ya nyuma pamoja na difu, ile gia inayozungusha magurudumu ya nyuma. Juu ya kutu hiyo palikuwa pamepakwa rangi nyeusi, mpya, inayong'aa.

Nilipogusia kisa hicho, wengine wakaleta vyao: Bamburi, Mtwapa, Likoni. Magari tofauti, wauzaji tofauti, rangi nyeusi ileile.

Basi hapa sitakuambia gari gani linakunywa mafuta kidogo wala lipi lina skrini kubwa. Hayo utayapata popote. Nitayapanga magari ya kifahari kwa jambo moja ambalo watu wa Pwani tulipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza, na ambalo karibu hatuliulizi: chini yake pako hali gani?

Ubishi nimeshausikia. "Kutu ni ya magari ya zamani." Hapana, yakhe. Magari mengi tunayoyaita mapya yametoka Japani au Uingereza, na nchi zote mbili humwaga chumvi barabarani msimu wa baridi ili barafu iyeyuke. Huko Japani hutumia pia kloridi ya kalsiamu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevunyevu ukifika asilimia 75 hivi, na kwetu usiku hupita hapo bila shida. Ndiyo maana chumvi ya jikoni huloa ndani ya kikopo hata kama hakuna aliyeimwagia maji. Kloridi ya kalsiamu ni mbaya zaidi, kwani huanza kuloa kwenye asilimia 30 hivi. Kwa hiyo chumvi iliyojificha kwenye maungio ya bati tangu Sapporo ikifika Kilindini haikauki tena. Chuma kinabaki kimelowa mchana na usiku, kiangazi na masika.

Halafu tunaiongezea ya kwetu. Ukipanda feri ya Likoni unakanyaga maji ya bahari pale kwenye ngazi. Ukiegesha Mama Ngina wakati wa kusi, mawimbi yanapiga mwamba na ule ukungu wake unakutua moja kwa moja. Lakini adui ninayemchukia kuliko wote ni maji ya kuoshea magari. Vioshea magari vingi vya mji huu vinatumia maji ya kisima, na visima vingi hapa ni vya maji ya chumvi. Kijana analipia zaidi gari lake lioshwe hadi chini, anasimama pembeni na simu, anaridhika kabisa, na kumbe anapigiwa chumvi kwa presha ndani ya kila tundu. Kabla hujalipa, chota maji kwa kiganja uonje. Usione haya. Wakikucheka wacha wacheke.

Injini ikifa Mombasa, unapata nyingine iliyotoka Japani imefungwa plastiki. Gia boksi vivyo hivyo. Mwili uliooza hauna duka unakouzwa. Na mtu anayejilipia mwenyewe hana wa kumpigia simu usiku aseme "baba, gari limenishinda." Kwake yeye, hilo bati la chini ndilo gari lenyewe.

Kukagua si kazi kubwa. Gari liinuliwe kwenye lifti, jeki haitoshi. Magari ya Kijerumani yana sahani za plastiki zinazofunika chini yote, na hapo ndipo uovu unapojificha, kwa hiyo zifunguliwe. Tazama vichwa vya bolti, mabomba ya breki, sehemu za kuwekea jeki, na matundu madogo chini ya milango yanayotoa maji. Gonga chuma kwa mpini wa bisibisi: kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Ukiona weusi mpya umepakwa hadi juu ya bolti na juu ya mipira, usiulize swali. Hakuna kiwanda kinachopaka rangi juu ya mpira.

Sasa orodha.

Namba moja: Mercedes C-Class ya toleo linaloitwa W205. Nijitangaze mapema: mimi ni mtu wa nyota ile, na hata zingefungana ningeipa ushindi. Lakini hii imestahili. Mercedes walipoitoa mwaka 2014, alumini ilifika karibu nusu ya mwili wake, wakati W204 iliyotangulia ilikuwa chini ya asilimia 10. Alumini haishiki kutu kama chuma. Milango inafunga kwa ule mlio mzito, mmoja tu, wala huhitaji kurudia.

Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, pengine kwa sababu hawaijui. C200, mojawapo ya C-Class hizi, iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2018 ina injini ya cc 1,497. Ushuru wa bidhaa wa Kenya kwa gari la petroli lisilozidi cc 1,500 ni asilimia 20. Likizidi hapo, hadi cc 3,000, ni 25. C180 ya cc 1,595, ambayo kwa jina ni ndogo, inaangukia kwenye kodi kubwa! Fanya hesabu. Ushuru wa forodha ni asilimia 35 tangu Julai 2023, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya vyote VAT asilimia 16. Kwa gari ambalo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, imeliwekea thamani ya shilingi milioni moja na nusu, tofauti ya hizo asilimia tano inafika zaidi ya shilingi 117,000. Hiyo ni bima, au ni tairi nne nzuri na chenji inabaki.

Ila sabufremu yake bado ni ya chuma, kwa hiyo lifti iko palepale. Na ukigongwa, usimpe fundi wa bati yeyote tu, kwa sababu alumini haichomelewi wala kunyooshwa kama bati la Probox. Uliza kwanza nani ana vifaa.

Kuhusu W204, ile inayotangazwa kila kona kwa chini ya milioni mbili: naipenda kwa macho tu. Ndiyo iliyofanya Mercedes huko Marekani waongeze muda wa kugharamia sabufremu za nyuma zilizooza hadi miaka 20. Ya hapa kwetu hailindwi na dhamana ile. Kama moyo umeng'ang'ania, lipia saa moja ya lifti kabla ya kulipa hata elfu kumi ya kushikilia gari.

Namba mbili: Toyota Crown, ile iliyotoka kuanzia 2018. Mashangazi wataiita teksi, na huko kwao Japani kweli Crown zimebeba abiria na polisi kwa miaka mingi, lakini ndani ni sebule. Mafundi wa haibridi hapa mjini wanaijua Toyota gizani. Kasoro yake ni kwamba hujui ililala wapi. Omba karatasi ya mnada wa Japani, ile ya asili yenye mchoro wa gari, si nakala iliyochapwa upya na muuzaji. Kwenye mchoro tafuta herufi S, ambayo ni kutu, na C, ambayo ni kutu iliyokwisha kula. Watu wanatazama alama ya ubora ya 4.5 juu kulia na kufurahi, hawashuki chini kusoma. Dokezo lingine: Crown inayosukumwa na magurudumu yote manne kwa kawaida ilinunuliwa na mtu wa theluji, Hokkaido au Tohoku. Mombasa hatuna theluji, basi kwa nini ulipie mfumo ambao umekuja na kutu yake? Lexus IS 300h nayo ipimwe vivyo hivyo. Ni nzuri, ni ndogo nyuma, na nembo unailipia.

Namba tatu: BMW 320i ya toleo linaloitwa F30. Ndiyo inayoendeshwa vizuri kuliko zote hapa, nakiri bila kulazimishwa. Chini yake si pabaya, lakini sahani za plastiki zimejaa na mara nyingi bolti zake zimepotea, basi mchanga na maji ya chumvi vinakaa humo kama kwenye beseni. Kingine ni tairi. Nyingi zilikuja na tairi zinazotembea bila upepo, na hakuna spea tairi. Usiku, barabara ya Malindi, baada ya kujaribu kukwepa shimo moja na kuingia lingine, utalikumbuka hilo.

Namba nne: Audi A4. Kwa kigezo changu mwenyewe ilistahili kupanda. Audi walianza kupaka zinki mwili mzima wa gari katikati ya miaka ya 1980, na mwili wake unazeeka kwa heshima. Sijaipandisha kwa sababu fundi wa gia zake za klachi mbili si wa kumpata kila mtaa, na kwa sababu siipendi. Ndivyo ilivyo.

Namba tano: Range Rover Evoque kutoka Uingereza. Najua, Nyali nzima inaitaka. Range Rover kubwa ilipata mwili wa alumini mwaka 2012. Evoque kwa sehemu kubwa ni chuma, na imepita baridi kadhaa za Uingereza juu ya chumvi. Lakini Uingereza ina zawadi moja ambayo Japani haina. Gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na matokeo yako wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure, kwa nambari ya usajili tu. Utaona kilomita za kila mwaka, au tuseme maili, na maneno ya mkaguzi mwenyewe kuhusu kutu. Kwa hiyo mwambie muuzaji akupe nambari ya Uingereza. Utashangaa jinsi nambari inavyopotea ghafla. Mara ilibaki bandarini, mara wakala anayo, mara "hiyo ni siri ya kampuni." Nambari iliyokuwa imebandikwa nje ya gari mbele na nyuma, leo ni siri.

Wenye bajeti ya chini watauliza Toyota Mark X. Ni gari zuri, si la kifahari. Tuendelee.

Wauzaji. Kwanza hili la "bei njoo inbox." Kama gari lina bei, iandike. Pili, cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, kile ambacho KEBS, shirika la viwango la Kenya, inataka, kimegeuzwa hirizi: ukitaja kutu unaoneshwa cheti. Cheti kinasema gari lilifaa kuingia nchini. Hakisemi limekaa yadi karibu na maji kwa muda gani tangu lishuke melini, wala nani alipita na kopo la rangi. Na ile sheria ya gari lisizidi miaka minane nayo inauzwa kama sifa, "hili ni jipya, sheria hairuhusu kuukuu," kana kwamba chumvi inasoma tarehe ya usajili.

Tatu, na hili linanichoma zaidi, ni namna wanavyowapokea vijana. Binti anaingia yadi na pesa zake, anauliza karatasi ya mnada, anaambiwa "mlete mzee tuongee." Mvulana wa miaka 26 anaulizwa kama pesa ni za unga au za mtandao. Hakuna anayefikiri kuna wauguzi, mabaharia, mawakala wa bandari na watu wa kompyuta waliokaa miaka bila kununua hata pikipiki. Halafu yuleyule aliyedharauliwa anapandishiwa laki moja kwa sababu "kijana hajui." Ukiambiwa umlete mzee, mjibu kwa upole kwamba mzee ni wewe, na gari lipande lifti.

Mengine ya haraka: tafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, uone kama benki bado imeandikwa kwenye logibuku. Lipa kwa akaunti ya kampuni, si simu ya mtu. Bima kamili hukatwa kwa asilimia ya thamani, kwa hiyo iulizie kabla, usije ukalipia gari ukabaki unaliangalia.

Ukishanunua, usikimbilie ule weusi mzito wa lami. Ukipasuka kidogo tu, maji yanaingia nyuma yake na kubaki humo. Tafuta nta ya kupuliza inayobaki laini, ipigwe ndani ya matundu ya milango na juu ya sabufremu, irudiwe kila mwaka kabla ya masika. Na kuosha chini ni kwa maji baridi ya mfereji yasiyo na chumvi, ndoo kwa ndoo kama mfereji hautoki, na Mombasa mara nyingi hautoki.