Siku nne Pemba: agizia chungu kabla ya kukata tiketi

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Unguja, harusi na khitma, kwa hiyo nikirudi safari mtu asiniulize kwanza bahari ilikuwaje. Tulikula nini, hilo ndilo suala. Juzi nilivuka Pemba na wifi yangu, tukaondoka Ijumaa tukarudi Jumatatu, na tulikula vyakula vya aina mbili ambavyo huwezi kuamini vimetoka kisiwa kimoja.

Cha kwanza ni cha nyumba ya wageni tuliyolala Chake Chake usiku wa mwanzo. Jina naliacha. Chumba kisafi, chandarua hakina tundu, maji yanatoka, hayo nawapa haki yao. Kushuka mezani: chipsi, kuku wa barafu na juisi ya boksi. Juisi ya boksi, Pemba! Nyuma ya ukuta mdimu umezaa mpaka ndimu zinaoza chini. Nikamwuliza kijana wa jikoni, "Mwanangu, samaki hakuna?" Akanijibu kwa adabu zake zote, "Shangazi, wageni hawali vitu vyetu." Nikamwambia mimi wa Jang'ombe, mjini Unguja, si mgeni wa vyakula hivyo. Akacheka, akaniletea pilipili ya chupa. Asubuhi tukapewa boflo la jana na yai. Kwa shilingi 60,000 chumba cha watu wawili, sirudi.

Cha pili ndicho kilichonifanya niandike. Wifi yangu ana jamaa anayemjua bibi mmoja upande wa Konde anayepikia watu nyumbani kwake. Hana kibao barabarani, hana karatasi ya bei. Unampigia simu siku moja kabla, basi. Nilipompigia hakuniuliza tuko wangapi wala tutafika saa ngapi. Aliniuliza, "Papa mnakula?"

Jumamosi tukapanda gari la Konde, namba 602, kutoka Chake. Safari ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani kwa sababu gari husimama kila penye mtu, na Pemba ni vilima tupu, unapanda unashuka. Tulibahatika kupita wakati karafuu zinaanikwa. Majamvi yametandazwa kando ya barabara nyumba kwa nyumba, nyingine bado za kijani na pinki, nyingine zimeshakuwa nyeusi, na watoto wamekaa na nyungo wanachambua makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu. Harufu inaingia garini mpaka unaisikia kooni. Sisi wa Unguja tunaitwa watu wa karafuu, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu yetu, na tangu hapo mali iko Pemba.

Chungu tulikikuta jikoni, juu ya mafiga matatu. Papa mkavu alikuwa ameshachomwa juu ya makaa, akaoshwa chumvi, akachambuliwa. Bibi alimpika kwa tui jepesi kwanza, na embe mbichi badala ya ndimu, na tui la kwanza, lile zito, akalitia mwishoni wakati moto umeshavutwa nje. Hapo nilinyamaza, maana wapishi wengi wa mjini siku hizi wanamimina tui lote kwa pamoja halafu wanashangaa mchuzi umekatika. Pembeni kulikuwa na shelisheli la nazi, limepikwa na chumvi tu, hakuna bizari, hakuna kitunguu. Laini kama kiazi lakini lina utamu wake wa mbali. Na wali wa nazi wenye ukoko wa rangi ya dhahabu chungu kizima.

Kasoro zipo. Papa aliachwa na chumvi kidogo zaidi ya haki yake. Ningekuwa mimi ningemlowesha saa moja zaidi. Na tulikula saa tisa wakati tuliambiwa saa saba. Ila bei ilikuwa shilingi 10,000 kwa kichwa, tumekaa jamvini chini ya mfenesi, na tulipomaliza tukaletewa kahawa na halua. Nilipomwomba anionyeshe kifumbu chake cha kuchujia tui, kilichosukwa kwa mkono, alinikagua juu mpaka chini akasema, "Kumbe weye mwenzetu." Tulilala kwake usiku huo.

Matembezi nayasema kwa ufupi. Msitu wa Ngezi hauko mbali na Konde, lakini gari za abiria haziingii, kodi bodaboda. Ndani ni baridi na giza la kijani; mwongoza wageni alituonyesha mpapindi, mti jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba. Ukitokea upande wa pili kuna ufukwe wa Vumawimbi, mrefu, mweupe, na siku ile tulikuwa sisi na wavuvi wawili. Beba maji na kitu cha kula.

Kidike nilikwenda kwa shingo upande, ati kuangalia popo. Nimetubu. Wananing'inia mitini kwa mamia, rangi ya mbweha, na akiruka mmoja unadhani mtu kakunjua mwavuli. Popo hawa hawapo popote duniani isipokuwa Pemba. Zamani waliliwa sana, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakakaribia kwisha, ndipo wanakijiji wakaanza kuwalinda. Wifi yangu aliuliza wanapikwaje. Mwenyeji hakucheka.

Pujini ni mawe na majani kwa asiyejua hadithi, kwa hiyo chukua mtu wa kukusimulia. Ni boma la Mkamandume, mtawala anayetajwa kwa ukatili, na kuna kisima ambacho inasemekana alikitia ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane wakichota maji. Mmoja akishuka ngazi, mwenzake akitumia ndoo na kamba. Wanaume na gharama zao.

Usiondoke bila kupita kiwanda cha makonyo pale Wawi, karibu na Chake. Wanakamua mafuta ya makonyo, mchaichai, mdalasini na mkaratusi, na wanakutembeza ukalione tanuri la kuni. Nilinunua chupa mbili za makonyo kwa ajili ya meno na magoti ya mama. Karafuu zenyewe msijaribu kujaza mkobani. Mnunuzi wake kisheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na bandarini hapana mzaha.

Kwa anayepanga: boti haziendi kila siku, ulizia ratiba kwanza, na angalia kama inatia nanga Mkoani au Wete, maana ukikosea utajikuta upande usio na chungu chako. Chungu chenyewe kiagizwe mapema, na muulize mpishi bahari imetoa nini, usimpangie. Kama huna mwenyeji, uliza wanawake sokoni Konde nani anapika, usiulize hotelini.

Bibi alitufungia ukoko kwenye jani la mgomba tuondoke nao. Boti ilipofika mkondo wa Nungwi ikaanza kuyumba, abiria wenzetu wanaomba mifuko, na mimi na wifi yangu tunagombania kipande cha mwisho.