Strima na DAC za Bei Ghali: Ipi Inastahili Fedha Yako?

Anayetaka kusikiliza muziki wa mtandaoni kupitia amplifaya na spika za nyumbani hukutana na vifaa viwili. Cha kwanza ni strima, inayopokea muziki kwa Wi-Fi au kwa waya wa intaneti. Cha pili ni kigeuzi cha sauti, ambacho wauzaji na mafundi hukiita DAC, kinachopokea namba za kidijitali na kuzitoa zikiwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya inaweza kuyakuza. Mara nyingi vyote viwili hukaa ndani ya kasha moja. Bei zake zina tofauti isiyo ya kawaida: adapta ya Apple ya kuchomeka hedifoni kwenye simu, yenye DAC ndani, huuzwa dola 9 nchini Marekani, na kampuni ya Linn ya Uskoti ilipotoa strima yake mpya ya Klimax DSM mwaka 2021 iliiuza kwa takriban pauni 30,000. Msimamo wangu ni kwamba ukishavuka dola 200 hivi, fedha unayoongeza hainunui tena ubadilishaji bora wa sauti unaoweza kusikika. Hununua sehemu zaidi za kuchomeka waya, programu nzuri, kioo, kasha la alumini na jina la kampuni, na ni haki ya mnunuzi kujua hivyo kabla hajalipa.

Tuanze na strima. Wimbo hutoka kwenye seva ukiwa umekatwa vipande vya data, kila kipande hukaguliwa kinapofika, kilichoharibika huombwa upya, kisha vyote hupangwa kwenye kumbukumbu ya kifaa kabla ya kuchezwa. Namba zinazotoka upande wa pili ni zilezile, kifaa kiwe cha dola 100 au cha dola 10,000. Hata hoja ya mpigo wa saa, yaani usahihi wa muda ambao kila namba hugeuzwa kuwa sauti, hoja ambayo zamani ilikuwa na uzito, imepungua nguvu, kwa sababu DAC nyingi za kisasa zinazotumia USB huongozwa na saa iliyomo ndani ya DAC yenyewe, na strima hutuma data kwa kadiri inavyoombwa. Kasoro ya kweli inayoweza kupita kwenye waya ni mvumo wa umeme, na huo kwa kawaida huondolewa kwa kupitisha sauti kwenye waya wa nuru, ambao haupitishi umeme kabisa.

Kwa upande wa DAC, kipimo kizuri cha kuanzia ni CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, yaani takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. Leo DAC ya SMSL SU-1, inayouzwa chini ya dola 100, huweka kelele na upotoshaji wake zaidi ya desibeli 110 chini ya muziki. Topping D90SE, iliyotoka kwa dola 899, hufika takriban desibeli 120. Tofauti hiyo ipo kwenye mashine ya vipimo, lakini spika yenyewe huongeza upotoshaji mwingi kuliko wa DAC zote mbili, hasa kwenye besi, na sebule ya vigae yenye madirisha makubwa ya vioo hupandisha na kushusha besi kwa desibeli nyingi kutoka kiti kimoja hadi kingine.

Majaribio ya masikio hayapingani sana na vipimo hivyo. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo sauti ya kiwango cha juu ilipitishwa kwenye kifaa cha ziada kinachoigeuza kuwa ya kiwango cha CD na kuirudisha. Katika majaribio 554, wasikilizaji walitambua kwa usahihi mara 276, ambayo ni sawa na kubahatisha. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 za aina hiyo na kupata wastani wa asilimia 52.3 ya majibu sahihi, ilhali kubahatisha ni 50, waliofunzwa kusikiliza wakifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kinachosikika kamwe, ila kinachosikika ni kidogo mno kukipangia bei ya gari.

Mbona basi watu wengi waaminifu husikia tofauti kubwa dukani? Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni ukubwa wa sauti. DAC ya kawaida hutoa volti 2 kwenye matundu ya RCA, yaani yale ya waya unaokwenda kwenye amplifaya. Nyingine hutoa volti 2.5, na hilo pekee huongeza karibu desibeli 2, ambazo sikio huzipokea kama uwazi zaidi na besi yenye nguvu. Dawa yake ni multimita ya fundi yeyote: cheza mlio mmoja usiobadilika, pima volti za AC kwenye vituo vya spika, sawazisha vifaa viwili hadi tofauti iwe chini ya asilimia 1, kisha mwambie mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona.

Kwa msingi huo, hivi ndivyo ninavyovipanga. Bei nilizotaja ni za Marekani au Uingereza, kabla ya usafiri na ushuru.

Nafasi ya kwanza naipa WiiM Pro, iliyoingia sokoni kwa dola 149. Ina DAC ndani, tundu la waya wa intaneti, njia ya kutoa sauti ya kidijitali, AirPlay ya Apple na Chromecast ya Google za kutuma muziki kutoka kwenye simu, na programu yake ya simu inaeleweka. Mwenye amplifaya na spika nzuri anaweza kuishia hapa.

Ya pili ni WiiM Ultra, ya dola 329, na hapa ndipo ninapokubali kuvuka mpaka wangu, kwa sababu ina tundu la spika ya besi na hugawa masafa kati ya besi na spika kuu, kisha hurekebisha sauti kulingana na chumba. Kazi hiyo husikika na yeyote. Mwenye iPhone afahamu kwamba haina AirPlay.

Ya tatu, kwa anayetumia hedifoni, ni adapta ya Apple ya USB-C. Simu nyingi za Android huifanya itoe sauti ndogo, na toleo la Ulaya lina nguvu pungufu. Pia adapta nyingi za bei rahisi zilizojaa Kariakoo na Luthuli hazina DAC ndani na hazitafanya kazi kwenye simu nyingi, kwa hiyo ijaribu kwa simu yako kabla ya kulipa.

Ya nne ni SMSL SU-1 au ndugu zake wa Topping, kwa mwenye kompyuta inayotoa mkwaruzo kwenye tundu lake la hedifoni. Ya tano ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, yenye programu ya muziki ya Volumio au moOde, inayomfaa anayependa kujitengenezea, lakini umeme unaokatika ghafla huharibu kadi yake ya kumbukumbu.

Mwisho kabisa ni vifaa vya maelfu ya dola, kama DAC ya Chord DAVE ya mwaka 2015, iliyouzwa karibu pauni 8,000. Uhandisi wake ni wa kweli na simdharau anayeupenda kwa ufundi wake, lakini mwenye fedha hiyo na spika za kawaida atapata badiliko kubwa zaidi kwa kununua spika bora, zulia nene na mapazia. Strima za bei hiyo zina hatari nyingine: huduma za muziki hubadilisha mifumo yao, na kampuni ikiacha kutoa masasisho, kifaa kizima hupoteza kazi ilhali DAC iliyomo bado ni nzima. Anayenunua kilichotumika aingie kwenye akaunti yake ya muziki hapo hapo dukani na acheze albamu nzima kabla hajatoa fedha.