Kahawa ya Kununua Moshi na Arusha: Uliza Kwanza Ilikaangwa Lini

Malalamiko ninayopata kutoka kwa wasomaji wa Moshi na Arusha yanafanana kiasi cha kushangaza. Mtu anaishi chini ya mlima unaolimwa kahawa, ananunua pakiti yenye picha ya Kibo kwa bei ambayo ingemtosha kununua kilo kadhaa za sukari, kisha anapomimina maji ya moto anapata kinywaji chenye ladha ya majivu na harufu ya boksi. Wengine huilaumu mbegu, kwa kuwa wamesikia kwamba miche ya kisasa imeharibu ladha ya zamani. Wengine hudhani wamenunua kahawa isiyo na nguvu. Na wapo wanaojilaumu wenyewe kwamba hawajui kuiandaa. Mimi naona kosa liko kwenye pakiti, na liko mahali ambapo wanunuzi wachache sana hupatazama.

Sitapoteza nafasi kueleza vyombo vya kuchujia wala kiasi cha maziwa. Nitaanza na mbegu, kwa sababu ndiyo inayotangazwa kwa herufi kubwa kuliko vyote.

Maneno “Arabika asilimia 100” yaliyo kwenye pakiti za kwetu ni ya kweli na hayamsaidii mnunuzi, kwa kuwa kahawa ya Kilimanjaro na Arusha ni arabika, ilhali robusta, aina nyingine kuu ya kahawa, hapa nchini hutoka zaidi Kagera. Mwenye shaka na anunue punje nzima azitazame: punje ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake umepinda, ya robusta ni ya mviringo na mfereji wake umenyooka. Kwa kuwa hapa kwetu zote ni arabika, pakiti inayotaka kutueleza jambo la maana ingetaja mbegu gani ya arabika iliyomo.

Kwa upande wetu jibu lingekuwa moja kati ya machache. Ipo N39, iliyochaguliwa kutoka ukoo wa Bourbon, na ipo KP423, ya ukoo wa Kent uliotokea India. Hizi ndizo kahawa ambazo wazee wa vihambani huziita za zamani. Kisha zipo chotara zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, pale Lyamungu, ambazo huhimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani bila mkulima kumaliza fedha zake kwenye dawa. Sehemu ya kinga hiyo imetokana na mmea uliogunduliwa kisiwani Timor katika miaka ya 1920, ambao ni mtoto wa arabika na robusta, na ndiyo asili ya maneno kwamba chotara “zina robusta ndani yake” na kwa hiyo haziwezi kunukia. Nadhani hoja hiyo imetiwa chumvi. Tofauti kati ya N39 nzuri na chotara nzuri ipo kwa mwonjaji mzoefu aliyewekewa vikombe viwili vya kahawa iliyokaangwa wiki hiyohiyo. Kwa kahawa iliyokaa rafuni miezi minane haipo kabisa, na mkulima aliyeng’oa mikahawa ya babu yake ili asomeshe watoto hastahili kubebeshwa lawama ya muuza duka.

Habari ya mbegu haiwezi kupita bila kuitaja Geisha, ambayo leo ni miongoni mwa kahawa ghali kuliko zote duniani. Ilikusanywa kwenye misitu ya Ethiopia katika miaka ya 1930, ikapelekwa kituo cha utafiti cha Lyamungu, hapahapa Kilimanjaro, kisha mwaka 1953 ikafika Costa Rica, na kutoka huko ikaenea hadi Panama, ambako mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda liliishindanisha katika Best of Panama na kuishangaza dunia kwa harufu yake ya maua. Ilipita mikononi mwetu, na leo mkazi wa Moshi anayetaka kuionja atahangaika sana. Yaliyotokea yametokea, ninaudhika zaidi na wauzaji wanaotumia hadithi za namna hiyo kupandisha bei ya pakiti ambayo haisemi hata ni ya mbegu gani.

Kuhusu nguvu, nitakuwa mfupi. Uchungu hautokani na wingi wa kafeini. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ni chungu kwa sababu ya moto, na kafeini yake haizidi ile ya kahawa iliyokaangwa kiasi, kwa maana kukaanga hakuipunguzi wala kuiongeza kwa kiwango cha kujali. Kinachoamua ni mmea na kijiko: arabika huwa na kafeini ya takriban asilimia 1.2 hadi 1.5 ya uzito wake, na robusta karibu mara mbili ya hapo, hivyo gramu 10 za arabika zina kama miligramu 120 na gramu 10 za robusta zinaweza kuvuka 200. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huweka ukomo wa miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima na 200 kwa mama mjamzito. Anayetaka kahawa ya kumkesha aongeze kipimo, asitafute pakiti iliyoandikwa kwamba ni kali.

Sasa nije kwenye harufu, ambayo ndiyo sababu ya mtu kununua kahawa ya mlimani badala ya kitu kingine cha kumfumbua macho asubuhi. Kahawa ambayo haijakaangwa hainukii kahawa. Hunukia majani makavu. Harufu huzaliwa motoni, joto linapokaribia nyuzi 200 na sukari na protini zilizo ndani ya punje zinapoungana na kuvunjika, na wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya viambato 800 vinavyopaa kutoka kwenye punje iliyokaangwa. Viambato hivyo ndivyo vinavyokimbia kwanza. Oksijeni huvishambulia tangu siku ile ile, na kimoja kati ya vile vinavyobeba harufu tunayoijua wote ni miongoni mwa vile vinavyoharibika upesi. Punje nzima iliyofungwa vizuri huwa katika ubora wake kwa wiki kama nne. Ikisagwa, eneo linaloguswa na hewa huongezeka mno, na harufu hupungua ndani ya siku chache tu. Kahawa hiyo haimdhuru mnywaji, ila inakuwa imekufa.

Kwa hiyo habari moja yenye thamani kuliko zote kwenye pakiti ni siku kahawa ilipokaangwa, na ndiyo habari ambayo wafungashaji wengi hawaiandiki. Wanaandika mwisho wa matumizi, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili mbele, na mnunuzi hushika pakiti, huona bado kuna miezi kumi na nne, hulipa akiwa ameridhika. Tarehe hiyo inamhakikishia kwamba kahawa haitamuumiza. Haisemi lolote kuhusu kama itanukia.

Kasoro iliyojificha zaidi ni ile ya “tarehe ya kutengenezwa”. Wasomaji wawili makini waliniambia kwamba wao hawadanganyiki, kwani huisoma hiyo. Lakini kutengenezwa ni kufanya nini? Kukaanga ni tendo moja, kusaga ni la pili, kufungasha ni la tatu, na hakuna kinachozuia kahawa iliyokaangwa kwa wingi kukaa kwenye magunia hadi oda itakapokuja, ndipo ifungashwe na kugongwa muhuri wa siku hiyo. Nimeuliza swali hili kwenye duka moja la Arusha ambalo sitalitaja. Muuzaji alinijibu kwamba kahawa yao ni ya AA. Nilipouliza tena, aliniambia kwamba punje zao zinang’aa, jambo linaloonyesha kuwa ni mpya. Majibu yote mawili hayahusiani na swali. AA ni daraja la ukubwa wa punje, linalopatikana kwa kupitisha kahawa kwenye chekeche, na punje kubwa iliyokaa muda mrefu ni punje kubwa isiyonukia. Mng’ao nao ni mafuta yaliyotoka nje, ama kwa sababu kahawa imekaangwa sana ama kwa sababu imekaa sana.

Mnunuzi asiyepewa tarehe anaweza kujipimia mwenyewe. Kahawa iliyotoka motoni karibuni huendelea kutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, ndiyo maana pakiti nzuri huwa na vali, yaani kitundu kinachoruhusu hewa itoke bila kuruhusu nyingine iingie. Minya pakiti taratibu ukiwa umeweka pua karibu na vali, na kama hakuna kinachokuja, irudishe rafuni. Nyumbani, mwagia kahawa iliyosagwa maji kidogo ya moto kabla ya kumimina mengine: iliyo mpya itaumuka na kutoa povu, iliyochoka italala tuli kama tope. Maji yenyewe yasiwatie wasiwasi watu wa Arusha, kwa maana kwenye mwinuko wa mji ule huchemka karibu nyuzi 95, ambazo ndizo zinazotakiwa.

Kwa kipimo hicho cha siku ya kukaangwa, hivi ndivyo ninavyozipanga kahawa za kwetu.

Nafasi ya kwanza naitoa kwa Union Café ya Moshi, na sifichi kwamba nina upendeleo. Ni mgahawa wa KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, kahawa yake ni ya wanachama wa mlimani, na sababu yangu kubwa ni kwamba unaweza kuinywa kabla ya kuinunua na kumuuliza anayehudumia ilikaangwa lini, swali ambalo rafu ya supamaketi haiwezi kulijibu. Nunua punje nzima, robo kilo tu, hata kama nusu kilo inaonekana kuwa nafuu zaidi, kwa sababu nafuu hiyo utaipoteza kwenye wiki ya sita. Asiye na kisagio atumie kinu na mchi. Unga utatoka usiolingana, lakini utatoka siku hiyo hiyo.

Ya pili ni kahawa iliyokaangwa mbele ya macho yako kwenye vijiji vinavyopokea wageni, kama Materuni, ambako buni hutwangwa, hupepetwa na kukaangwa kwenye chungu juu ya kuni. Haikaangwi sawasawa, baadhi ya punje huungua na nyingine hubaki na ubichi, na mtu anayependa kikombe safi ataona kasoro hizo. Hata hivyo tarehe yake unaijua kuliko muuzaji yeyote. Usitumie nafasi hiyo kuondoka na gunia la kahawa mbichi, kwa sababu biashara yake ina taratibu zilizo chini ya Bodi ya Kahawa.

Ya tatu ni pakiti za punje zenye vali kutoka kwa wakaangaji wadogo na mashamba ya Arusha, ambao baadhi yao hukaanga vizuri sana. Tatizo lao ni njia ndefu: kahawa ile ile iliyo bora siku ya tano huwekwa kwenye duka la hotelini, ikapigwa na mwanga wa dirishani msimu mzima. Ifuate penye mashine ya kukaangia, usiifuate hotelini.

Kahawa ya unga ya supamaketi ni ya nne, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Ya kuyeyuka, kama Africafe ya Bukoba, ni ya bei ndogo, haibadiliki ladha, na hainihusu hapa.

Mkiani kabisa naweka kahawa ya zawadi, ile inayouzwa ndani ya mifuko ya kitenge kwenye maduka ya watalii. Kitambaa hupitisha hewa, na nailoni nyembamba inayowekwa ndani, pale inapowekwa, haiongezi mengi. Mfuko hauna vali, mara nyingi hauna jina la mbegu, hauna jina la chama cha msingi kilichokusanya kahawa hiyo, na tarehe ikiwepo ni ya mwisho wa matumizi. Pamoja na hayo ndiyo ghali kuliko zote, na kuna maduka ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakitaja bei kwa dola hata kwa mteja anayezungumza nao Kiswahili. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo una haki ya kudai shilingi. Ukishaambiwa bei hiyo kwa shilingi, ilinganishe na anayolipwa mkulima kwa kilo nzima ya kahawa yake, na kama bado unataka kununua, nunua kwa ajili ya kitenge.