Kozi ya jioni ya ulinzi wa mitandao: maabara nzuri, wiki za mwisho zimepwaya

Nimemaliza kozi ya wiki 10 ya ulinzi wa mitandao ya kampuni katika chuo kimoja binafsi cha hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa mchana nina kazi ya ufundi wa mtandao, nilichokifuata ni kimoja: kushika vifaa kwa mikono yangu, si kukariri istilahi.

Katika hilo sikupunjwa. Kila meza ya watu wawili ilikuwa na ruta, swichi na seva ya mazoezi, na jioni ya pili tuliagizwa mmoja aingie kwenye ruta kwa Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kifaa kutoka mbali bila usimbaji, huku mwenzake akinasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita, kwa programu ya Wireshark. Tulipoyafungua mawasiliano hayo, jina la mtumiaji lilionekana herufi mbilimbili, "aaddmmiinn", kwa sababu ruta hurudisha kila herufi inayochapwa. Nenosiri, ambalo halirudishwi, lilikaa chini yake herufi mojamoja, peupe kabisa. Tangu siku hiyo sihitaji kuhubiriwa kuhusu SSH, njia mbadala inayosimba mawasiliano.

Somo la kugawa mtandao ndilo lililorudisha ada yangu. Tulianza na kisa cha WannaCry cha Mei 2017, kirusi kilichoruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mlango namba 445 (port, namba inayotumiwa na huduma ya kushirikiana faili) ilhali Microsoft ilikwisha kutoa kiraka tangu Machi, kisha tukatenganisha uhasibu, wageni na seva kwa VLAN, yaani mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi ileile, na kuandika kanuni za nani azungumze na nani. Nilisahau kwamba orodha ya kanuni katika ruta za Cisco huishia na katazo lisiloandikwa la kila kisichoruhusiwa, nikajifungia nje mwenyewe. Mkufunzi alinisogezea waya wa konsoli, ule wa kuingia kwenye ruta moja kwa moja bila kupitia mtandao, bila kusema neno, akaenda kunywa chai.

Kuanzia wiki ya 7 mambo yalilegea. Suricata, programu ya kugundua mashambulizi mtandaoni, tuliikuta imeshasakinishwa, kanuni zote zimewashwa, tahadhari zikimiminika kwenye skrini, wala hatukufundishwa ipi ipuuzwe na ipi ifuatiliwe, ingawa kwa mlinzi wa mtandao hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nakala rudufu zilipewa dakika 20 za slaidi, na hakuna aliyerejesha hata faili moja. Umeme ulipokatika tulirudi nyumbani, na vipindi viwili vilivyopotea hivyo havikufidiwa.

Niwape haki yao pia: kabla ya kugusa Nmap, programu ya kupekua vifaa na milango iliyo wazi mtandaoni, tulisomewa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tukatia saini kwamba hatutapekua mtandao wowote nje ya maabara bila idhini ya mwenyewe.

Anayefikiria kujiunga aombe kwanza kuhudhuria kipindi kimoja cha maabara. Mimi waliniruhusu bila kusita. Asiyejua kugawa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) aanze na kozi ya misingi, kwani hapa wanachukulia kwamba unalijua hilo, na mwenzangu wa mezani aliacha wiki ya tatu kwa sababu hiyo tu.