Uzoefu wangu: Misale ya altare ya Pustet, imeagizwa Ulaya ikafika Bagamoyo

Ni Missale Romanum ya Kilatini, yaani kitabu cha padre cha sala na masomo ya Misa, chapa ya Pustet wa Regensburg, Ujerumani. Nimeinunua mtandaoni kwa muuzaji wa vitabu vya kale. Hii ni misale kubwa ya kuwekwa altareni, usiifikirie kama Misale ya Waumini: urefu sentimita 33, uzito kilo tatu na nusu hivi, na hapo ndipo nauli inapouma. Jalada ni la ngozi nyekundu, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu, riboni sita, zote zipo.

Tangazo lilisema "karne ya 19". Si kweli, na ukurasa wa jina ulitosha kulikanusha. Misale inayoishia kumtaja Papa Leo XIII, *Leonis XIII auctoritate recognitum* (iliyopitiwa upya kwa mamlaka ya Leo XIII), inafuata toleo la 1884. Hii inasema: *a Pio X reformatum et Benedicti XV auctoritate vulgatum* (iliyorekebishwa na Pius X na kutolewa kwa mamlaka ya Benedikto XV). Maneno hayo ni ya toleo la 1920, kwa hiyo haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo. Tena Misa ya Kristo Mfalme, sikukuu iliyowekwa na Papa Pius XI Desemba 1925, haimo katika mwili wa kitabu. Imebandikwa nyuma kwa karatasi nyeupe zaidi. Basi kilichapwa kati ya 1920 na 1925 hivi. Kosa si la kitabu, ila nimelipa bei ya babu kwa mjukuu.

Kurasa za Juma Kuu ni za utaratibu wa kabla ya marekebisho ya 1955, nazo zimekamilika. Katika Kanuni, yaani sala kuu ya Misa, mtu ameongeza kwa kalamu jina la Mtakatifu Yosefu baada ya Bikira Maria. Nyongeza hiyo ilianza kutumika Desemba 1962, maana yake kitabu kilikuwa bado kazini altareni wakati huo. Wapo watakaouita uchafu. Mimi ningeongeza pesa.

Kilichoniudhi ni picha ya Msalaba inayotazamana na *Te igitur*, maneno yanayoanza Kanuni. Haipo. Kimebaki kisiki cha karatasi chenye upana wa nusu sentimita, kimekatwa kwa wembe. Picha hizi hukatwa zikauzwa peke yake kwenye fremu, na muuzaji hakusema neno. Ukitaka kujua kama kitabu kimekamilika, usitegemee namba ya ukurasa wa mwisho: misale huhesabu upya kila sehemu, utangulizi kwa namba za Kirumi, Misa za pamoja za watakatifu kwa namba zilizo kwenye mabano. Omba picha za ukurasa wa jina, kurasa zote za Kanuni zikiwa wazi hadi kwenye mshono, na nyongeza za majimbo ya Kanisa zilizo mwishoni. Kanuni ndiyo inayofunguliwa kila siku, kwa hiyo hapo ndipo penye nta, alama za vidole na michaniko. Ukiona selotepu, punguza bei: gundi yake hugeuka kahawia ikapenya karatasi, na kuibandua ni kazi.

Kwa sisi wa pwani shughuli huanza kikishafika. Ngozi ya mgongo inatoa unga mwekundu mkononi. Usiipake mafuta ya nazi! Yatachacha, yatadoa karatasi na kuita ukungu. Nimeivisha tu gamba la karatasi isiyo na asidi. Kabla ya kukiweka karibu na vingine, nilikifunga ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukiweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kuua wadudu na mayai yao. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo umande utatua kwenye kurasa.

Ukungu hupata nguvu unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 hivi, na masika ya Bagamoyo huvuka bila jasho. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, hasa nyumba za mawe ya matumbawe, maana ukuta unanyonya maji. Kitabu kizito hivi kilazwe. Kikisimama, kurasa huning'inia na kung'oka mgongoni.

Ufungaji wa mzigo: tabaka moja la plastiki ya mapovu, kona moja imebonyea. Kitabu nakipa nyota nne, muuzaji mbili. Nilipomtumia picha ya kile kisiki alirudisha theluthi ya bei. Nauli hakugusa.